Homoni za Mimea na Ukuaji wa Mizizi ya Miche

Panda punje ya mahindi ikiwa imelala ubavu, au kichwa chini, au kichwa juu. Kwa vyovyote utakavyoipanda, mzizi utashuka na chipukizi litapanda. Mkulima hahitaji kuigeuza kila punje ndani ya shimo kabla ya kuifukia. Kazi ya kuuelekeza mzizi hufanywa na homoni, na katika mada hii utajifunza jinsi inavyofanywa.

Mwanafunzi akiulizwa kazi ya oksini, mara nyingi huandika: "Huchochea ukuaji." Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na katika maswali ya mizizi hukosesha alama. Oksini ile ile, kwa kiasi kile kile kinachorefusha shina, yaweza kuuzuia mzizi usirefuke. Ukilielewa jambo hili moja, sehemu kubwa ya mada itakuwa nyepesi. Usipolielewa, utakariri majibu mengi yasiyohusiana na kuyachanganya siku ya mtihani.

Homoni ya mmea ni nini?

Homoni ya mmea ni kemikali inayotengenezwa na mmea wenyewe kwa kiasi kidogo sana, ambayo huathiri ukuaji au maendeleo ya mmea. Mara nyingi hutengenezwa sehemu moja na kufanya kazi sehemu nyingine. Zingatia mambo mawili. Kwanza, mmea hauna tezi maalumu za kutengeneza homoni kama tezi za binadamu. Seli za kawaida katika ncha za shina, majani machanga, ncha za mizizi na mbegu ndizo zinazozitengeneza. Pili, homoni si chakula wala si mbolea. Haileti nishati wala madini. Hutoa ishara tu: refuka, gawanyika, simama, tawanyika. Usiandike kwamba oksini "huupa mzizi nguvu ya kukua."

Homoni utakazokutana nazo katika mada hii ni oksini, sitokinini, jiberelini, asidi ya absisiki na ethilini. Hizi tano ndizo za zamani vitabuni. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba strigolaktoni nazo ni homoni, na kwa mkulima wa mahindi na mtama wa Afrika Mashariki hizi zina habari kubwa, kama utakavyoona mbele.

Mzizi hurefukia wapi?

Kabla ya kueleza homoni inafanya nini, lazima ujue inafanyia wapi. Otesha maharage juu ya pamba iliyolowa. Mzizi ukifikia urefu wa sentimita 2 hivi, chukua uzi mwembamba uliochovywa katika wino na uweke alama kwenye mzizi kila baada ya milimita 1, kuanzia kwenye ncha. Urudishe mche mahali pake penye unyevu na giza. Baada ya siku moja au mbili utaona kuwa alama za juu zimebaki zilivyokuwa, lakini alama zilizo nyuma kidogo ya ncha zimeachana sana.

Hapo ndipo mzizi unaporefukia. Kwenye ncha kabisa kuna kofia ya mzizi, inayolinda ncha isichubuliwe na udongo. Nyuma yake ipo sehemu ya mgawanyiko, ambako seli ndogo huzaliwa. Ikifuata ni sehemu ya urefukaji, ambako seli hizo hujaa maji na kutanuka kwa urefu. Nyuma zaidi seli hukomaa, na vinyweleo vya mizizi hutokea. Homoni nyingi tutakazozijadili hucheza na sehemu ya urefukaji, kwa hiyo mchoro wako wa mzizi uwe na sehemu hizo nne zikiwa na majina yake. Mchoro usio na majina hauna kazi.

Oksini: dawa moja, vipimo viwili

Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha kitabu kuhusu mijongeo ya mimea. Miongoni mwa majaribio yao, waliondoa ncha za mizizi ya maharage na kuilaza mizizi hiyo. Mizizi iliendelea kukua kwa muda lakini haikupinda kuelekea chini. Wakahitimisha kwamba ncha ndiyo inayohisi, na sehemu ya nyuma ndiyo inayotii. Ujumbe gani ulisafiri kati ya sehemu hizo mbili? Wao hawakujua. Katika miaka ya 1920 Frits Went, wa Uholanzi, alizikata ncha za machipukizi ya oti na kuziweka juu ya vipande vya agari, yaani ute mgumu kama jeli. Kisha akaviweka vipande hivyo vya agari pembeni juu ya machipukizi yaliyokatwa ncha. Machipukizi yakapinda. Kulikuwa na kitu kilichotoka kwenye ncha kikaingia kwenye agari, na kitu hicho kikaitwa oksini. Mwaka 1934 kemikali yenyewe, ambayo kwa kifupi huitwa IAA, ilitambuliwa baada ya kuchujwa kutoka kwenye mkojo wa binadamu. (Usishangae: mkojo ulitumika kwa sababu ulipatikana kwa wingi.)

Sasa fika kwenye kiini cha mada. Kenneth Thimann alionyesha mwaka 1937 kwamba mizizi, machipukizi ya pembeni na mashina hayaitikii oksini kwa kiasi kimoja. Ukichora grafu yenye ukolezi wa oksini kwenye mhimili mlalo na ukuaji kwenye mhimili wima, utapata vilima viwili. Kilima cha mzizi kiko upande wa kushoto kabisa, kwenye ukolezi mdogo mno. Kilima cha shina kiko mbali upande wa kulia. Ukolezi unaofaa kwa mzizi ni mdogo kuliko wa shina kwa mara maelfu. Ukisimama chini ya kilele cha shina na kutazama mstari wa mzizi, utaukuta umeshuka chini ya sifuri: hapo mzizi umezuiwa.

Kwa hiyo sentensi ya kuandika katika mtihani ni hii: katika ukolezi mdogo sana oksini huweza kuchochea urefukaji wa mzizi, ukolezi ukizidi, huuzuia, na ukolezi unaochochea shina huwa tayari ni mkubwa mno kwa mzizi. Atakayeandika "oksini huzuia mizizi" bila kutaja ukolezi amekosea sawa na yule aliyeandika kuwa huichochea.

Jaribio la kuonyesha jambo hili linahitaji myeyusho wa vipimo mbalimbali. Hakuna mizani ya shule inayoweza kupima elfu moja ya miligramu, hivyo huanza na myeyusho mmoja mzito na kuupunguza kwa hatua. Chukua mililita 1 ya myeyusho wa miligramu 10 kwa lita, uongeze mililita 9 za maji. Sasa una miligramu 1 kwa lita. Chukua mililita 1 ya huo, ongeza tena 9 za maji. Baada ya hatua nne utakuwa umefika miligramu 0.001 kwa lita. Kila hatua imegawanya kwa 10. Otesha miche yenye mizizi inayolingana katika kila myeyusho, na mingine katika kidhibiti, kisha pima kwa rula baada ya siku mbili.

Kidhibiti hapa kina mtego. IAA huyeyuka kwa shida katika maji, na kwa kawaida huyeyushwa kwanza katika spiriti kidogo. Basi maji ya kidhibiti nayo yatiwe spiriti kwa kiasi kile kile. Usipofanya hivyo, mizizi ikidumaa hutajua ni oksini iliyoidumaza au ni spiriti. Tena weka vyombo vyote gizani, kwa kuwa mwanga huiharibu IAA iliyo kwenye myeyusho.

Tufanye hesabu. Tuseme mizizi ya kidhibiti imerefuka kwa wastani wa milimita 20, ya myeyusho A milimita 23, na ya myeyusho B milimita 6. Badiliko la asilimia hupatikana kwa kutoa urefukaji wa kidhibiti kutoka kwa urefukaji wa mche uliotiwa homoni, kugawanya kwa urefukaji wa kidhibiti, na kuzidisha kwa 100. Kwa A: 23 kutoa 20 ni 3, 3 kugawanya kwa 20 mara 100 ni 15. Ukuaji umeongezeka kwa asilimia 15. Kwa B: 6 kutoa 20 ni −14, jibu ni −70, yaani ukuaji umepungua kwa asilimia 70. Usiiache alama ya kutoa. Ndiyo inayokuambia kwamba myeyusho B ndio wenye oksini nyingi.

Kwa nini mzizi hushuka?

Ulaze mche wa mahindi ubavu katika chombo chenye giza na unyevu. Baada ya saa kadhaa, ncha ya mzizi itakuwa imepinda kuelekea chini na chipukizi litakuwa linanyanyuka. Mjongeo huu wa kukua kwa kufuata mvutano wa dunia huitwa jiotropismu. Wa mzizi ni jiotropismu chanya, wa shina ni hasi.

Kinachohisi mvutano ni kofia ya mzizi. Ndani ya seli zake za katikati kuna chembe nzito zilizojaa wanga. Mzizi ukiwa wima, chembe hizo zimetua upande wa ncha. Ukiulaza, huanguka na kutua kwenye ukuta ambao sasa ndio wa chini, kama mchanga ndani ya chupa iliyolazwa. Kutua huko huzifanya seli zibadili njia ya kupitisha oksini, na oksini nyingi zaidi hupelekwa upande wa chini wa mzizi, ikirudi nyuma hadi sehemu ya urefukaji.

Ushahidi kwamba kofia ndiyo mhusika ulipatikana kwa mahindi yenyewe. Kofia ya mzizi wa mahindi inaweza kubanduliwa bila kuiumiza sehemu ya mgawanyiko. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1966, mizizi iliyobanduliwa kofia iliendelea kurefuka, lakini ilipolazwa haikupinda mpaka kofia mpya ilipoota. Jaribio hili ni bora kuliko lile la kukata ncha yote, kwa sababu mtu hawezi kudai kwamba mzizi haukupinda kwa kuwa umejeruhiwa na kuacha kukua.

Sasa unganisha na ile grafu. Oksini imejaa upande wa chini wa mzizi. Kwa mzizi, kiasi hicho kimezidi, hivyo seli za chini hurefuka polepole. Seli za juu, zenye oksini kidogo, huendelea kurefuka haraka. Upande wa juu ukiwa mrefu kuliko wa chini, mzizi hauna budi kupinda kuelekea chini. Kwenye shina nako oksini hukusanyika upande wa chini, lakini kwa shina kiasi hicho ni cha kuchochea. Seli za chini ndizo zinazorefuka zaidi, na shina hupinda kuelekea juu. Homoni ni moja, mkusanyiko uko upande ule ule, lakini matokeo yanapingana. Maelezo haya hujulikana kwa majina ya Cholodny na Went, waliofikia wazo hilo kila mmoja kwa njia yake.

Hapa nikuonye kuhusu sentensi inayopatikana katika daftari nyingi: "Mwanga huua oksini." Huandikwa kueleza kwa nini chipukizi huinamia dirisha. Mwaka 1957 Winslow Briggs na wenzake walipima oksini kutoka kwenye machipukizi ya mahindi yaliyokuwa gizani na yaliyomulikwa upande mmoja. Jumla ilikuwa karibu sawa. Kilichobadilika ni mgawanyo: oksini ilikuwa imehamia upande wenye kivuli. Andika "huhamia", usiandike "huuawa." Ile myeyusho ya maabara inayoharibiwa na mwanga ni jambo jingine.

Mizizi ya pembeni

Mzizi mmoja mrefu hautoshi. Mche hupata maji na madini mengi kupitia matawi ya mizizi, na hapa oksini hubadilika tena sura. Kiasi kinachouzuia mzizi mkuu usirefuke ndicho hicho kinachozichochea seli za ndani, katika tabaka liitwalo perisaikili linalozunguka mishipa, zianze kugawanyika na kuchipusha mizizi ya pembeni. Ndiyo maana mche uliotiwa oksini nyingi huwa na mzizi mkuu mfupi wenye matawi mengi. Ukiona picha ya namna hiyo katika mtihani, usiseme tu kwamba "mizizi imedumaa." Taja mambo yote mawili.

Oksini ya kawaida hutoka kwenye majani machanga na machipukizi, ikasafiri kuelekea chini. Usafiri wake una mwelekeo maalumu ambao hautegemei namna kipande kilivyolala. Mkulima wa muhogo anajua kwamba pingili ina upande wake wa kuotesha mizizi, ule uliokuwa karibu na ardhi. Oksini hukusanyika upande huo hata ukikigeuza kijiti. Unga wa kuotesha mizizi unaouzwa kwa wenye bustani una oksini ya kutengenezwa, nao hupakwa upande huo huo.

Sitokinini ni mpinzani wa oksini katika jambo hili. Hutengenezwa kwa wingi kwenye ncha za mizizi na kupanda juu kupitia zailemu. Huchochea mgawanyiko wa seli na machipukizi, lakini huzuia mizizi ya pembeni isianze. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller waliotesha tishu ya tumbaku katika agari yenye homoni hizo mbili kwa uwiano tofauti. Oksini ilipozidi, tishu ilitoa mizizi. Sitokinini ilipozidi, ilitoa machipukizi. Zilipokaribiana, ikabaki bonge la seli lisilo na umbo. Miche ya migomba inayooteshwa maabara na kuuzwa kwa wakulima hufuata kanuni hiyo hiyo: kwanza hupewa sitokinini nyingi ili machipukizi yaongezeke, kisha huhamishiwa kwenye chakula kisicho na sitokinini hiyo, mara nyingi chenye oksini, ili yatoe mizizi. Swali likikuuliza kwa nini fundi wa maabara habadilishi homoni bali uwiano, jibu lako liko hapa.

Ethilini na ardhi ngumu

Ethilini ni gesi, na hili ndilo linaloitofautisha na homoni nyingine zote ulizosoma. Athari yake iligunduliwa kwa ajali ya taa. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, mwanafunzi huko St. Petersburg, Urusi, alionyesha kwamba miche ya njegere ndani ya maabara ilikua fupi, nene na kulala kwa sababu ya ethilini iliyokuwa katika gesi ya taa.

Mzizi nao huitikia hivyo hivyo: huwa mfupi na mnene. Shamba linalolimwa kwa kina kile kile kila mwaka, au linalokanyagwa na ng'ombe na matrekta, hujenga tabaka gumu chini ya udongo laini. Ng'oa mche wa mahindi kwenye shamba kama hilo uone mizizi yake ilivyonenepa na kugeukia pembeni. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba mizizi inashindwa tu kwa nguvu, kama mtu anayesukuma ukuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulitoa maelezo mengine. Katika udongo wenye nafasi za hewa, ethilini inayotolewa na mzizi hutoroka. Katika udongo ulioshindiliwa, nafasi hizo zimezibwa, gesi inabaki karibu na mzizi, na mzizi huisoma kama ishara ya kusimama. Mpunga wenye kasoro ya kutohisi ethilini uliweza kupenya udongo ulioshindiliwa ambao mpunga wa kawaida ulishindwa kuupenya. Kwa maneno mengine, mzizi ulikuwa na uwezo wa kupita. Ulijizuia.

Maji yakituama shambani, ethilini hunaswa vivyo hivyo, maana gesi hupita polepole mno ndani ya maji. Katika mizizi ya mahindi huchochea baadhi ya seli za gamba zife na kuacha mifereji ya hewa, ambayo huleta oksijeni kutoka juu. Hapo ethilini inaokoa. Ndiyo maana haifai kuigawa homoni kuwa nzuri au mbaya.

Ukame, na asidi ya absisiki

Mvua ikikatika wiki moja baada ya kupanda, utaona jambo la ajabu kwenye mche wa mahindi. Majani husimama kukua mapema sana, lakini mzizi mkuu huendelea kushuka. Mche unatumia akiba yake kufuata maji. Homoni inayohusika ni asidi ya absisiki, ile ile inayofunga stomata. Katika udongo mkavu kiasi chake huongezeka mzizini. Watafiti walipoizuia isitengenezwe katika miche ya mahindi, mizizi haikuendelea tena kurefuka katika ukavu. Moja ya sababu ni kwamba asidi hii huizuia ethilini isizidi. Wanafunzi huikariri kuwa "homoni ya kuzuia ukuaji." Katika mche wenye kiu, jina hilo halitoshi.

Mwelekeo wa mzizi una maana pia wakati wa ukame. Mwaka 2013 wanasayansi wa Japani walitangaza jini la mpunga liitwalo DRO1. Aina ya mpunga iitwayo IR64 ina mizizi inayotambaa karibu na uso wa ardhi. Walipoipatia DRO1 kutoka aina ya Kinandang Patong ya Ufilipino, mizizi yake ilishuka kwa pembe kali zaidi, na mavuno yake wakati wa ukame yakawa makubwa kuliko ya IR64 ya kawaida. Jini hilo huathiri namna ncha ya mzizi inavyopinda, na lenyewe hudhibitiwa na oksini. Ni jiotropismu ile ile uliyoisoma juu, ikiwa imeleta chakula.

Jiberelini nitaipitia haraka. Kazi yake kubwa iko kwenye mbegu, ambako huamsha vimeng'enya vinavyomeng'enya wanga ili kiinitete kipate chakula, na kwenye shina. Mzizi huihitaji kwa kiasi kidogo tu ili urefuke kama kawaida.

Kiduha husikia mzizi

Mzizi wa mahindi au mtama unapopungukiwa fosforasi hutoa strigolaktoni kwenye udongo. Ni wito kwa kuvu rafiki, wanaoishi pamoja na mizizi na kuiletea fosforasi. Bahati mbaya wito huo una msikilizaji mwingine. Mbegu za kiduha, ambalo magharibi mwa Kenya hujulikana pia kama kayongo, ni ndogo kama vumbi na huweza kukaa udongoni kwa zaidi ya miaka 10 bila kuota. Zinaposikia strigolaktoni, huota, hujishikiza kwenye mzizi na kunyonya. Mmea wa mahindi huanza kunyauka na kuwa wa njano kabla kiduha hakijaonekana juu ya ardhi. Hii ni sababu mojawapo ya shamba lililochoka kuumia zaidi: fosforasi ikipungua, wito huzidi.

Kituo cha icipe nchini Kenya na washirika wake walieneza njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazozifanya mbegu za kiduha ziote, pamoja na nyingine zinazoizuia michipuko hiyo isishike mzizi wa mahindi. Kiduha huota na kufa kwa njaa.

Maswali ya kujipima

Swali la 1. Mkulima aliyechanganya mahindi na maharage alinyunyiza kiuagugu cha 2,4-D. Mahindi yalisalimika, maharage yalijipinda, mizizi yake ikavimba na kufa. Eleza. (Alama 4)

Jibu: 2,4-D ni oksini ya kutengenezwa. Mimea yenye majani mapana, kama maharage na magugu mengi, huathiriwa nayo vikali, nayo haiwezi kuiondoa haraka kama inavyoiondoa IAA yake yenyewe. Ukolezi hubaki mkubwa, seli hukua bila mpangilio, urefukaji wa mzizi huzuiwa na mishipa huharibika, hivyo mmea hufa. Mahindi ni jamii ya nyasi, na nyasi huvumilia 2,4-D kwa sababu huifanya isiwe na nguvu na huisafirisha kidogo mwilini. (Mtahiniwa anayeandika "dawa ilikuwa sumu kwa maharage" hajapata alama yoyote, maana hajataja homoni.)

Swali la 2. Mche uliolazwa umefungwa kwenye klinostati, kifaa kinachouzungusha polepole mfululizo. Mzizi utafanya nini, na kwa nini? (Alama 3)

Jibu: Mzizi utaendelea kukua kwa mlalo bila kupinda. Mvutano wa dunia unaufikia mzizi kutoka pande zote kwa zamu, hivyo chembe za wanga hazitui upande mmoja. Oksini husambaa sawasawa, na seli za pande zote hurefuka kwa kasi moja.

Swali la 3. Mwanafunzi alipima mizizi katika myeyusho wa oksini wa miligramu 10 kwa lita peke yake, akahitimisha: "Oksini huzuia mizizi." Taja kasoro mbili za jaribio lake. (Alama 2)

Jibu: Ametumia ukolezi mmoja tu, na huo ni mkubwa kwa mzizi, hivyo hawezi kusema lolote kuhusu ukolezi mdogo. Tena hakuwa na kidhibiti, kwa hiyo hajui mizizi hiyo ingerefuka kiasi gani bila oksini.